Shika Tochi Hapa: Magari na Watoto Wetu

(Hotuba iliyotolewa na mwanachama wetu muuguzi katika sherehe ya Jamhuri, Coventry)

 

Kamati iliponiomba nizungumze, najua ilitarajia habari za presha na sukari. Muuguzi akisimama mbele ya watu ndiyo kazi yake. Mwaka huu nimeomba nizungumze juu ya magari. Katibu amekubali, ila ameniambia ataniangalia saa.

Tunaishi katika mji uliotengeneza magari tangu karne ya 19 ikielekea ukingoni. Daimler ilianzia hapa, Jaguar ilikulia hapa, na pale Ryton kiwanda cha Peugeot kiliunda magari mpaka mwisho wa mwaka 2006. Watoto wetu wamezaliwa katikati ya haya yote, na wanayapenda magari kweli. Kaa nao sebuleni uwasikilize: wanajua gari gani lina nguvu za farasi ngapi, na linafika maili 60 kwa sekunde ngapi. Kisha mwambie mmoja atoke nje akafungue boneti ya gari la mama yake. Hajui pa kushika. Mapenzi hayo ameyapata kwenye simu, na simu humfundisha kijana jambo moja tu la gari, nalo ni mbio.

Sisi tuliyapata wapi? Wengi wetu tuliyapata barabarani, wakati wa Pasaka, kwenye Safari.

Mashindano hayo yalianza mwaka 1953, Waingereza wakisherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, na yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Kwa hiyo mwanzoni haikuwa sherehe yetu. Iligeuka kuwa yetu kwa sababu ilipita mlangoni. Hapakuwa na tiketi wala geti. Ulitoka shambani, ukasimama kwenye ukingo wa barabara, dunia ikapita mbele yako imejaa matope. Na gari likinasa, ni wananchi walioingia kwenye tope kulisukuma. Pasaka ya 1963, miezi minane kabla ya bendera yetu kupandishwa, mvua iliyapiga magari hata yakamaliza 7 tu. Mbele ya hayo saba ilikuwa Peugeot 404 ya Nowicki na Cliff. Mwaka 1968 yakamaliza tena 7 tu, na mbele walikuwa wawili hao hao, katika 404. Ndiyo maana wazee wetu wakisema Peugeot, au Pijo kama tulivyoiita, huitaja kwa sauti ya mtu anayemtaja shemeji mwaminifu.

Mwaka 1965 alishinda Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, fundi aliyeshika spana katika gereji ya baba yake kabla ya kushika usukani wa mashindano. Aliyekaa kando yake alikuwa ndugu yake Jaswant, na gari lao lilikuwa Volvo PV544 ambayo wengine walishaitumia. Ndugu wawili na gari la mitumba, wakawashinda wenye viwanda. Joginder alishinda tena 1974 na 1976, na alifariki hapa Uingereza, London, mwaka 2013. Alikuwa mtu wa kwetu aliyeishi ugenini kama sisi.

Mimi nilikulia Nakuru. Katika miaka ya 1980 bingwa wetu watoto alikuwa Msweden mmoja, Björn Waldegård, aliyeshinda Safari mara nne: 1977, 1984, 1986 na 1990. Jina lake hatukuweza kulitamka, lakini kila mvulana mtaani alikuwa yeye. Tuliunda magari ya waya, magurudumu tukiyakata kwenye patipati zilizokwisha, na usukani wake ni waya mrefu unaokufika kifuani ukimbie nao umesimama. Gari la waya lilikuwa na springi. Lilikuwa na namba. Aliyekuwa hodari aliliwekea hata taa za vizibo vya soda. Mtoto wa miaka minane alijua kwamba magurudumu ya mbele yakiwa hayako sawa gari litavuta upande mmoja, kwa sababu aliyapinda mwenyewe na ikambidi ayanyooshe mwenyewe.

Baba yangu aliendesha Peugeot 504 ya abiria, Nakuru kwenda Nairobi na kurudi. Gari lile lile lililoshinda Safari 1975, alipenda kuwakumbusha abiria, hasa waliolalamika juu ya nauli. Jioni alilifungua boneti, na mmoja wetu aliitwa kushika tochi. Aliyewahi kumshikia baba tochi anajua kazi hiyo. "Shika tochi hapa. Si usoni kwangu, hapa. Unaangalia nini huko?" Tulikuwa wasichana watatu nyumbani, basi mzee hakuwa na wa kuchagua. Nilijifunza plagi ikiwa nyeusi ina maana gani, na kwa nini rejeta haifunguliwi ikiwa ya moto. Nilijifunza pia kusimama saa nzima bila kuchoka mkono, jambo ambalo limenisaidia sana katika uuguzi kuliko mitihani mingine niliyoifanya hapa.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa. Mwaka 2011 Waldegård, akiwa na miaka 68, alirudi Kenya na kushinda mashindano ya magari ya zamani, yale yanayoitwa Safari Classic. Safari hii alikuwa ndani ya Porsche 911, na aliyekaa kando yake akimsomea njia alikuwa mwanawe, Mathias. Fikirieni mzee na kijana wamefungiwa ndani ya gari moja kwa siku kadhaa, vumbi mpaka kwenye meno, na mzee hawezi kukata kona bila sauti ya mwanawe. Vic Preston alishinda 1954 na 1955, na mwanawe wa jina hilo hilo akaja kushindana katika Safari hiyo hiyo. Phineas Kimathi, dereva wa kwetu, alimpenda Mskochi Colin McRae, mshindi wa 1997, 1999 na 2002, kiasi cha kumpa mwanawe jina la McRae. Mwaka 2022 McRae Kimathi huyo aliendesha kwenye theluji ya Sweden, nyumbani kwa Waldegård.

Katika nyumba hizo hakuna aliyemnunulia mtoto gari na kumwachia ufunguo. Kulikuwa na miaka mingi ya kushika tochi kwanza.

Na wasichana wasiachwe jikoni. Nimeona Jumamosi katika nyumba zetu: baba na kijana wako nje, binti ameitwa kuosha vyombo. Orie Rogo Manduli alikuwa kwenye Safari mwaka 1974, Mkenya, mwanamke, Mwafrika. Mwaka 1983 Mfaransa Michèle Mouton alimaliza wa tatu katika Audi. Binti yako ataendesha usiku kutoka zamu peke yake, kwenye baridi ya Januari. Yeye ndiye wa kwanza kuhitaji kujua kubadilisha gurudumu.

Kuna jambo lingine linalopatikana chini ya boneti, nalo wengi hawalitazamii. Tunalalamika kila mkutano kwamba watoto hawasemi Kiswahili. Tumeanzisha darasa la Jumapili, watoto wanakuja wamenuna. Lakini mpe mtoto spana umwambie: kaza, legeza, shika, achia, polepole, vuta kwako, namba kumi si namba kumi na tatu. Hakuna anayemlazimisha, kazi yenyewe ndiyo inayomdai neno. Na maneno mengi tayari anayajua nusu: breki, klachi, gia, betri, jeki, tairi. Mwambie kwamba gari ni neno lililotufikia kutoka India. Mwambie kwamba usukani ulikuwa wa jahazi kabla haujawa wa gari, mabaharia wa pwani wakiushika karne nyingi kabla ya Daimler. Atalishika neno hilo kuliko mwalimu akiliandika ubaoni.

Sasa nirudi kwenye uuguzi kidogo, katibu asiniangalie hivyo.

Nafanya kazi katika wodi ya mifupa. Sitasema habari za mgonjwa yeyote, hata kwa kudokeza. Nitasema tu kwamba mfupa wa paja la kijana ni mfupa mgumu sana, na unapovunjika katikati, kitu kikubwa kimeupiga. Vijana, mnazijua sekunde za kufika maili 60; zijueni na mita za kusimama. Ukiwa kwenye maili 30 kwa saa, barabara kavu, gari linahitaji mita 23 mpaka lisimame. Ukiongeza mwendo mara mbili, kuwa maili 60, umbali hauongezeki mara mbili. Unakuwa mita 73, zaidi ya mara tatu. Sababu ni kwamba nguvu ambayo breki zinapaswa kuimeza huongezeka mara nne, hata kama mwendo umeongezeka mara mbili tu. Tairi zikiwa zimekwisha, au barabara ina maji, hesabu hiyo inazidi kuwa mbaya. Sheria ya hapa inataka kina cha mm 1.6 kwenye tairi. Chukua sarafu ya peni 20, iingize kwenye mfereji wa tairi. Ukiona ukingo wa nje wa sarafu, tairi hiyo ipelekwe kwa fundi leo. Na kijana aliyepata leseni juzi akumbuke kwamba alama 6 za makosa ndani ya miaka miwili ya kwanza zinamrudisha kwenye mtihani tangu mwanzo.

Wazazi, tunaogopa. Wengine wamewaambia watoto wasiguse gari kabisa. Nawaelewa; tunatoka nchi ambayo kila familia ina msiba wa barabarani, na tunakumbuka sheria za marehemu Michuki, mikanda na vidhibiti mwendo kwenye matatu mwaka 2004, zilivyopigiwa kelele na wenye magari. Lakini kijana akifika miaka 17 ataomba leseni, upende usipende. Nataka siku hiyo awe ameshaona breki iliyolika kwa macho yake, ameishika mkononi, na wewe ulikuwa kando yake.

Nimezungumza na mafundi watatu wa jumuiya yetu wanaofanya kazi katika gereji za hapa mjini. Wamekubali kutoa Jumamosi ya kwanza ya Aprili, saa nne asubuhi, kwenye maegesho nyuma ya ukumbi huu. Yatakuwepo magari matatu yaliyofunguliwa boneti. Watoto watapima oili, watapima upepo, watang'oa gurudumu na kulirudisha, na siku nzima ni Kiswahili tu. Atakayesema Kiingereza atapewa kazi ya kufuta rimu. Wasichana na wavulana pamoja. Walio chini ya miaka kumi na miwili waje na mzazi, na mzazi asiwe wa kukaa ndani akinywa chai.

Majina yaandikwe kwa katibu kabla ya mwisho wa Februari. Mwenye jeki ya ziada aje nayo. Nguo nyeupe ziacheni nyumbani.