Onyo kwa Mgeni Asiyejua Lugha

(Maneno ya hotuba kwa watu wa Kakamega)



Mwezi wa Agosti, mwaka wa 2007, mvua kubwa ilinyesha Khuvasali, upande wa kaskazini wa Kakamega, na kilima kikaporomoka juu ya nyumba za watu. Majirani wakakimbilia kuwafukua waliofukiwa. Walipokuwa wangali wakichimba, udongo ukashuka mara ya pili, ukawafunika na hao waokozi. Ikiwa wenyeji walipatikana hivyo, itakuwaje kwa mgeni asiyefahamu hata neno moja la kelele zinazopigwa?

Wageni wamo mjini. Wako wazee wenye maduka waliozaliwa hapa hapa, na Kiswahili wanakijua kuliko wenyeji wengi. Hao hawana shida. Shida ni ya yule aliyefika juzi kutoka Kinshasa, asemaye Kilingala na Kifaransa tu.

Wajapani waliyaona hayo katika mji wa Kobe, tarehe 17 Januari 1995, tetemeko la nchi lilipoua watu zaidi ya 6,000. Mtaa wa Nagata ulikuwa na Wakorea na Wavietnamu wengi. Matangazo ya mahali pa maji na pa kulala yaliandikwa kwa Kijapani cha afisini, na wageni wengi hawakuyaelewa. Basi zikaanzishwa redio ndogo za kutangaza kwa lugha zao. Baadaye Bwana Sato Kazuyuki wa Chuo Kikuu cha Hirosaki, pamoja na wenzake, walitengeneza Kijapani chepesi, kwa kuwa haiwezekani kufasiri lugha zote saa ile ile ya hatari. Mahali pa lile neno gumu la tetemeko lifuatalo tetemeko, waliandika tu, "tetemeko litakalokuja baadaye."

Kiswahili nacho chafaa kurahisishwa vivyo hivyo. Chifu atangazaye, "Wananchi wanatahadharishwa kuhusu uwezekano wa maporomoko zaidi," asema kweli, lakini mgeni atabaki amesimama. Afadhali aseme: "Kilima chaweza kuanguka tena. Toka sasa. Nenda shuleni." Ni maneno manane tu.

Tena hapana budi mzee wa mtaa aulize barazani mapema: nyumba ipi ina mgeni, asema lugha gani, na nani atakwenda kumgongea mlango usiku? Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, kilichopo mjini humu, hufundisha elimu ya maafa, nacho chaweza kuombwa shauri. Lakini jina la mgonga mlango na liandikwe kabla ya mvua za Machi.