Saa Zisizoandikwa: Umeme na Moshi wa Mtambo Mkubwa wa Makaa ya Mawe



Maelezo ya awali nitayapitia haraka, kwani wengi wenu mnayajua. Makaa yanachomwa, maji yanakuwa mvuke, mvuke unazungusha tabaini. Megawati ni uwezo wa mtambo. Uniti, yaani kilowati-saa, ndizo kipimo cha umeme uliozalishwa kweli. Kinachobaki ni jivu na moshi.

Mfano wangu ni mradi wa Lamu, pwani ya Kenya, uliopangwa kujengwa Kwasasi kwa uwezo wa megawati 1,050, yaani mitambo mitatu ya megawati 350. NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, iliupa leseni mwaka 2016, na jopo la kitaifa linaloamua kesi za mazingira likaifuta Juni 26, 2019, likisema wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Sikuitwa hapa kujadili uamuzi huo. Nimeitwa kwa ajili ya hesabu.

Kituo cha ukubwa huo kikifanya kazi kwa asilimia 85 ya uwezo wake, kitatoa uniti zipatazo bilioni 7.8 kwa mwaka. Kitachoma takriban tani milioni 3 za makaa na kutoa karibu tani milioni 7 za hewa ya ukaa. Makaa yakiwa na salfa asilimia 1, kila tani hutoa karibu kilo 20 za salfa dioksidi, jumla tani 60,000. Moshi ukioshwa kwa chokaa na asilimia 90 ikanaswa, zinabaki tani 6,000. Hiyo 6,000 ndiyo huandikwa katika ripoti, na hapo ndipo ninapogombana na watu miaka nenda miaka rudi.

Tuchukulie mashine ya kuosha moshi imesimama kwa sehemu moja tu ya kumi ya kazi ya mwaka. Sehemu hiyo peke yake inatoa tani 6,000. Ukijumlisha na zinazopenya wakati mashine inafanya kazi, unafika tani 11,400, karibu maradufu ya kilichoahidiwa. Hili si jambo la kubuni. Kituo cha makaa cha Kusile, Afrika Kusini, kilijengwa kikiwa na mashine hizo tangu mwanzo. Oktoba 2022 njia ya moshi ikaporomoka, na kwa kuwa nchi ilikuwa gizani, mitambo mitatu ikaruhusiwa kurudi kazini kwa mabomba ya muda, moshi ukitoka bila kuoshwa. Naelewa dhiki iliyoleta ruhusa hiyo. Mapafu ya jirani hayakupewa ruhusa yoyote.

Kuna pia saa za kuwasha. Boila huanza kwa mafuta, na mara nyingi vinasa vumbi vya umeme huachwa vimezimwa ili mafuta yasiyoungua yasigande kwenye sahani zake na kuzua moto. Wahandisi wote wanalijua hili. Lakini kila ninapoomba saa hizo ziandikwe, naambiwa si hali ya kawaida. Kwetu zingekuwa hali ya kawaida kabisa: mwaka 2019 mahitaji ya juu kabisa ya Kenya yalikuwa megawati 1,900 hivi, na usiku hushuka sana huku mvuke wa ardhini wa Olkaria na upepo wa Turkana vikiendelea kutoa umeme. Mtambo wa makaa ungepunguzwa, ungezimwa, ungewashwa tena. Ukifanya kazi kwa nguvu ndogo, hutumia makaa mengi zaidi kwa kila uniti.

Kwa heshima zote kwa mamlaka husika, napendekeza kila leseni itaje tani za mwaka mzima, saa za kuwasha, kuzima na hitilafu zikiwemo. Napendekeza makaa yapimwe kwenye mzani yanapoingia, na salfa yake ipimwe kwa kila shehena, kwa sababu salfa iliyoingia lazima itoke mahali fulani. Hesabu ya mzani ilinganishwe na ya bomba la moshi kila mwezi, na takwimu zibandikwe wanapoziona wanakijiji, kwa Kiswahili. Mashine ya kuosha ikisimama kupita saa zilizokubaliwa, mtambo uzimwe. Jivu nalo lipimwe vivyo hivyo. Narudia, kwa kuwa nimelisema katika semina nyingine na halikuandikwa: saa za kuwasha zihesabiwe.

Mwisho, wastani wa mwaka wa uchafu hewani usikubaliwe peke yake. Pepo za kaskazi na kusi hupeleka moshi kwa watu tofauti, basi vituo vya kupima hewa viwekwe mwaka mzima kabla ya msingi kuchimbwa, kwa gharama ya mwekezaji.