Mtoto na Jua: Twende Arboretum

 

Leo nataka tuongee juu ya mtoto anayeshinda ndani. Wewe unatoka alfajiri kutafuta kibarua cha kufua, mtoto anaachwa kwa jirani, iwe ni Kibera au Kawangware. Mlango unafungwa asipotee. Chumba ni cha mabati, dirisha hakuna, na nyumba zimebanana hata jua halifiki mlangoni. Uji anakunywa, lakini miguu inaanza kupinda. Vifundo vya mikono vinavimba. Mwaka mmoja na nusu umepita na hajatembea. Majirani wananong'ona kwamba amerogwa. La, mama. Mara nyingi hayo ni matege. Ngozi ikipata jua, mwili hutengeneza vitamini D; ikikosekana, mifupa hubaki laini.

Kwa hivyo mwombe jirani amtoe nje kila asubuhi, mikono na miguu ikiwa wazi. Na ukipata Jumapili huna kazi, mpeleke Arboretum, pale karibu na Ikulu. Ni bustani ya miti ya ekari 75 hivi. Ilianzishwa mwaka wa 1907 kujaribu miti ya kupandwa misituni, na leo ina zaidi ya aina 350. Kutoka Kibera pitia Yaya. Kutoka Kawangware pitia Kileleshwa. Kwa miguu ya mtoto ni mbali, mbebe ama mpande matatu. Kuna kiingilio, uliza mapema na uweke pesa kwa simu.

Sasa, wengi wetu tukifika tunatandika leso chini ya mti mkubwa na kulala. Usingizi ni haki yako, lakini kwanza kaa palipo wazi, mtoto akimbie kwenye nyasi. Jua likiwa kali ndipo mwende kivulini.

Beba viazi, ndizi na maji yaliyochemshwa, ila ufiche! Tumbili wa pale hawana haya, watanyakua ndizi mkononi mwa mtoto. Usiwalishe. Akimng'ata au kumkwaruza, osha kidonda kwa sabuni na maji mengi dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo, kwa sababu ya kichaa cha mbwa.

Kama miguu imeshapinda, jua peke yake halitoshi. Dawa ipo, na ikianzwa mapema miguu ya mtoto mdogo mara nyingi hunyooka. Usimfunge vijiti. Chukua kitabu chake cha kliniki uende naye Jumatatu, mapema, kabla foleni haijawa ndefu.