Kibanda, Hema na Jiko: Wapendavyo Wapandao Mlima Kilimanjaro

(Maneno ya mazungumzo yaliyotolewa mbele ya makatibu na wanachama wa vyama vya msingi)



Huenda baadhi ya wajumbe wakashangaa kuona kwamba katika mkutano wa wakulima wa kahawa umetengwa muda wa kuzungumza juu ya mahema ya wageni. Mshangao huo una haki yake. Lakini katika vijiji vilivyo chini ya msitu, tangu Marangu hata Machame, nyumba zenye kijana aliyepata kupanda mlima akiwa na mzigo wa mtu mwingine kichwani si chache. Na maji yaingiayo katika mifongo ya vihamba hutoka katika msitu uleule wanamopita wageni hao. Kwa sababu hiyo, yale wanayoyapendelea kulalia na kupikia si mambo yao peke yao.

Njia ya Marangu ndiyo njia ya vibanda. Mgeni hulala Mandara, kiasi cha mita 2,700 juu ya usawa wa bahari, kisha Horombo, kiasi cha mita 3,700, kisha Kibo, kiasi cha mita 4,700, na kutoka hapo huondoka usiku wa manane kuelekea kilele cha Uhuru, mita 5,895. Wakati wa Wajerumani kituo cha kwanza kiliitwa Bismarck na cha pili Peters. Leo vinaitwa kwa majina ya watawala wa Kichaga, na wazee hawahitaji kuelezwa Mandara na Horombo walikuwa nani. Anayependa kibanda ana sababu zilizo wazi: kuna kitanda na godoro, sakafu ni kavu, na mvua ya Aprili haimfuati kitandani. Asiyekipenda naye ana zake: hulala karibu na watu asiowajua, mmoja akikoroma, mwingine akikohoa, wa tatu akitafuta viatu gizani saa tano za usiku.

Njia nyingine, kama Machame, ni za mahema. Wengi huzichagua kwa sababu hupanda juu mchana na kushuka kulala chini kidogo, na kwa hiyo mwili huzoea hewa nyepesi kwa taratibu. Wako pia wanaosema kwamba wanataka kulala karibu na mlima wenyewe, wasitenganishwe nao kwa mbao. Maneno hayo ni mazuri, ingawa si kila ayasemaye huyakumbuka saa tisa ya usiku pale Barafu, upepo unapoling'ang'ania hema na pumzi yake mwenyewe imeganda kuwa theluji juu ya kitambaa.

Hapa yafaa kutazama nchi za mbali kidogo. Huko Marekani iko njia ya miguu iitwayo Appalachian Trail, yenye urefu wa kilometa zipatazo 3,500 na kupita katika majimbo 14. Kandokando yake vimejengwa vibanda zaidi ya 250, vingi vyao vikiwa na kuta tatu tu, upande wa nne ukiwa wazi. Hata hivyo watembeaji wengi huviacha wakalala katika mahema yao, na sababu mojawapo ni panya, ambao wamekwisha kujua kwamba penye shanta pana chakula. Jambo la kuangalia ni kwamba mtembeaji wa huko hubeba mwenyewe hema lake, jiko lake na chakula chake. Kila anachokipenda hukilipia kwa mgongo wake, na ndiyo maana hutafuta hema la kilo moja au mbili na jiko liingialo katika kiganja cha mkono.

Katika Kilimanjaro mambo hayaendi hivyo, kwa kuwa achaguaye siye abebaye. Mgeni akipendelea hema kubwa la kulia chakula, lenye meza na viti, na jikoni pawe na mtungi wa gesi, uzito wa mambo hayo hausikii. Anayeusikia ni mpagazi, ambaye vijana wa mlimani humwita mgumu. Sheria ya hifadhi yasema mzigo wake usizidi kilo 20, na mizigo hupimwa langoni. Lakini yamepata kusikika malalamiko kwamba baada ya kulipita lango mizigo hugawanywa upya, watu wakawa wachache na vitu vikabaki vilevile. Tena iko desturi inayostahili kutajwa waziwazi: mahali pengi wapagazi hulala ndani ya lile hema la kulia chakula. Wageni wakikawia mezani kwa mazungumzo, waliolibeba hema hungoja nje, katika mvua kama ipo.

Sasa jiko. Kuni haziruhusiwi mlimani, na hilo ni jambo jema. Kwa miaka mingi yalitumika majiko ya mafuta ya taa ya pampu, ya namna ile iliyobuniwa Sweden mwaka 1892 na kujulikana kila mahali kwa jina la Primus. Jiko hilo halisumbuliwi na baridi, lakini lina masizi na harufu, tundu lake huziba na kutaka kuzibuliwa kwa pini, na kabla halijawaka sawasawa lazima lipashwe moto. Hapo ndipo mwali hupanda ghafula. Gesi ni safi zaidi na huwaka mara moja. Kasoro yake ni kwamba buteni, iliyo gesi ya mikebe mingi midogo, haigeuki kuwa mvuke kunapokuwa na baridi ya barafu, na kwa ajili hiyo huchanganywa na propeni. Na mtungi mkubwa una chuma chake, ambacho hubebwa kwenda na hubebwa kurudi, hata gesi ikiwa imekwisha.

Juu ya hayo, maji ya pale Kibo huchemka kwenye nyuzi 84 au 85 hivi, si 100. Mpishi atakayeweka maharage atamaliza mafuta kabla maharage hayajaiva. Wala hapo Kibo hakuna maji. Hubebwa kutoka chini, kama yanavyobebwa ya Barafu kutoka bonde la Karanga. Supu, viazi na vyakula vilivyokwisha kupikwa chini vinafaa zaidi, na mgeni aelezwe hivyo kabla hajaandika orodha ya anayoyapenda.

Liko jambo la jiko ambalo wanachama wenye watoto mlimani hawana budi kulijua. Jiko lolote, la gesi, la mafuta au la mkaa, likiwaka ndani ya hema lililofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, iitwayo kaboni monoksaidi. Kila mtu amesikia habari za watu waliolala na jiko la mkaa chumbani wasiamke. Mlimani hatari huongezeka, kwa sababu dalili zake za kwanza, yaani kichwa kuuma, kichefuchefu na kizunguzungu, zafanana na dalili za ugonjwa wa kimo. Mpishi akilalamika huambiwa ni mlima, akaambiwa ajipumzishe humohumo ndani, naye atakiwa kutolewa nje mara moja. Kijana anayelala katika hema la kupikia kwa kutafuta joto anapaswa kuambiwa na wazazi wake, kabla hajaondoka nyumbani, kwamba jiko lizimwe na mlango wa hema uachwe wazi kidogo, baridi iingie.

Hatari nyingine huwafikia hata wale ambao hawajapata kupanda. Tarehe 11 Oktoba 2020 moto ulizuka Whona, kati ya Mandara na Horombo, ukaunguza uoto wa juu kwa siku kadhaa. Taarifa ya kwanza ya shirika la hifadhi ilisema kwamba ulianza wakati wapagazi walipokuwa wakipasha chakula cha wageni. Uoto ule wa juu wa msitu si pori la bure. Matawi yake hunasa ukungu, ukungu hudondoka kuwa maji, na maji ya mlima kwa sehemu kubwa hutokana na msitu huo, wala si ile theluji inayopigwa picha.

Wanachama wana uchungu wao katika jambo hili, na si haki kuufunika. Ukanda wa nusu maili, uliotengwa mwaka 1941 ili wenyeji wapate kuni na mbao, uliingizwa katika Hifadhi ya Taifa pamoja na msitu wote mwaka 2005. Mama anayekatazwa kukata kuni pale juu ya kihamba chake ana haki ya kuuliza ni nani anayelichunga jiko linalowashwa katikati ya nyasi kavu kwa ajili ya supu ya mgeni.

Makatibu wanaweza kuanza na jambo dogo. Kila chama kina mizani ya kupimia kahawa. Kijana anayekwenda kutafuta kazi ya mlimani na aitwe ofisini, awekewe mzigo wa kilo 20, ambao ni theluthi ya gunia la kahawa safi, aubebe hadi barabarani na kurudi, ili shingo yake ijue kiasi hicho kabla mtu mwingine hajamtajia. Kisha aulizwe maswali matatu, na majibu yaandikwe katika daftari la chama pamoja na jina la kampuni inayomchukua: atalala katika hema gani, jiko litawashwa wapi, na nani atakayeurudisha mtungi.