Karatasi zetu zilikwama kwenye waya
Maneno yaliyosemwa kwenye mkutano wa wanamemba na wafadhili, Lwiro



Tunajua wote maana ya kurudi mikono mitupu. Tulipokimbia mwaka 1996, wengi waliacha karatasi za shamba, diplome, vyeti vya kuzaliwa. Unarudi, unaambiwa: leta karatasi! Ndiyo sababu chama kinapiga skani karatasi za kila mwanamemba na kuziweka kwenye seva moja, halafu kopi kwenye seva ya pili.

Kumbe ile kopi haikuwa inamalizika. Tuna gigabaiti 400 hivi, na zilikuwa zinapita megabaiti 11 tu kwa sekunde. Hesabu yake ni zaidi ya saa kumi. Na umeme tunaupata kwa muda wa saa nne, halafu unakatika. Kesho yake tunaanza upya. Miezi mingi tulidhani tuna kopi mbili, kumbe tulikuwa na moja na kipande.

Komite ikasema mashine imezeeka, tuwaombe wafadhili mpya. Mimi nikaomba tupime kwanza.

Programu ya iperf3 inapima njia peke yake, bila kugusa diski. Ilionyesha megabiti 94 kwa sekunde. Biti nane ni baiti moja, kwa hiyo gawanya kwa nane: unapata karibu 11 zile zile. Basi diski haina kosa, shida iko njiani. Seva zote mbili zinaweza megabiti 1000, lakini zilikuwa zinaongea kwa 100.

Ndani ya waya wa netiweki kuna nyuzi nane. Kwa megabiti 100, nne zinatosha. Kwa 1000, zinahitajika zote. Uzi mmoja wa zile nne nyingine ukikatika, mashine zinaweza kushuka zenyewe polepole, na taa inaendelea kuwaka kama hakuna kitu. Waya wetu ulikuwa umebanwa na mlango. Tulibadilisha waya, basi. Sasa tunapata megabaiti zaidi ya 100 kwa sekunde kwa faili kubwa.

Faili ndogo ndogo bado zilichelewa, sababu kila moja inafunguliwa na kufungwa peke yake, sawa na kubeba maharagwe punje kwa punje. Tulizifunga kwa tar, kijiji kwa kijiji, kama magunia. Kopi nzima ilimalizika usiku mmoja kabla ya umeme kukatika. Tangu hapo tunatumia rsync: inaruka zile zilizokwisha kufika, inapeleka mpya tu. Umeme ukikatika, hatuanzi tena sifuri.

Wafadhili wetu, ile seva mpya tuliyowaomba hatuihitaji tena. Tunawaomba kitu kidogo: diski mbili za nje. Seva zetu zote ziko nyumba moja. Moto au mwizi atazimaliza pamoja. Kwa kuwa kopi sasa inaisha mapema, diski moja itashuka Bukavu kila juma, nyingine itapanda.

Hapa Lwiro watafiti wanatunza mimea iliyokaushwa tangu siku za IRSAC, iliyoundwa mwaka 1947. Kama majani yanatunzwa hivyo, karatasi ya shamba la mama yako je?

Wewe ambaye yako haijapigwa skani, ilete.