Masasi Mazee Hayajafa

Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wanamemba kwenye mkutano wa mwezi

Komite iliniomba nijibu ulizo moja tunalolisikia kila tunapopita mitaani: masasi ya shaba yaliyokaa miaka mingi, je, yanakuwa magumu na kupasuka juu ya uzee? Na yakipasuka, si yamekufa?

Najua ulizo linatoka wapi. Mtu anarudi kutoka Nyarugusu, anakuta lupango lake limekuwa pori. Anachimba choo, jembe linagonga kopo, ndani masasi yamejaa, yamefanya kutu ya kijani, mengine yamepasuka shingoni. Jirani anasema, "Hizo ni za vita ya 1996, zimeoza." Na pale barabarani iko mnunuzi wa mitraye na mizani yake.

Tuanze na shaba yenyewe. Ganda la risasi la rangi ya njano ni mchanganyiko: katika sehemu 100, kama 70 ni shaba nyekundu na 30 ni zinki. Shaba nyekundu tunaijua vizuri sisi Wakongomani. Katanga ilianza kuiyeyusha kule Lubumbashi mwaka 1911, na vita ya 1914-1918 ilipowaka Ulaya, shaba yetu ilikwenda kutengeneza risasi na makombora ya kule.

Kiwandani wanakata kipande cha mviringo, wanakisukuma kuwa kikombe, halafu wanakivuta tena na tena mpaka kinakuwa bomba refu. Ile kuvuta ndiyo inaifanya shaba kuwa ngumu, na ndiyo inaacha nguvu imefungwa ndani yake, sawa kamba iliyokazwa ambayo hakuna mtu aliyeilegeza. Kwa hiyo ugumu unatoka kiwandani, siku ya kwanza. Kwa joto la kawaida la nyumba, miaka peke yake haiongezi ugumu wa kupasua ganda. Likikaa pakavu, penye hewa safi, laweza kukaa makumi ya miaka bila ufa.

Sasa nani analipasua? Waingereza walikutana na jambo hili India, wakati wa utawala wao. Kila baada ya majira ya mvua walikuta maganda yamepasuka ndani ya stoo, hata yale ambayo hayajapigwa. Watu wakasema ni ugonjwa wa majira. Mwaka 1921 wataalamu watatu, Moore, Beckinsale na Mallinson, walieleza sababu: amonia. Masasi yaliwekwa karibu na mazizi ya farasi. Mkojo wa wanyama unatoa ile hewa inayochoma pua, inachanganyika na unyevu, inaingia kwenye shaba iliyokazwa na kuitenganisha chembe kwa chembe. Ikikosekana nguvu iliyofungwa ndani, au ikikosekana amonia na unyevu, ganda halipasuki hivyo. Dawa yao ilikuwa mbili: kiwandani, kulipasha ganda joto kidogo, kama digrii 250 hadi 300, ili ile kamba ilegee, na kuhifadhi mbali na mazizi.

Sasa mfikirie sisi tunaficha wapi vitu: kwenye zizi la mbuzi, nyuma ya choo, chini ya mfuko wa mbolea. Pale pote amonia iko.

Kuna sababu nyingine, na hii inaniogopesha zaidi. Baruti yenyewe inazeeka. Inapoharibika inatoa hewa yenye asidi, na asidi hiyo inakula ganda kutoka ndani. Kwa macho huwezi kujua ufa umetoka nje au ndani. Na baruti iliyoharibika haijalala. Ikirundikwa nyingi pamoja, yaweza kujipasha moto yenyewe mpaka iwake.

Ndiyo maana nasema ufa si cheti cha kifo. Shaba imepasuka, lakini baruti bado iko, na ile fataki ndogo kwenye kitako bado inangoja kugongwa. Mtu akiitia kwenye bunduki, moto unaweza kurudi nyuma usoni mwake. Mtoto akigonga kitako kwa msumari ili atoe shaba auze, au mtu akitupa kopo kwenye makala ayeyushe, ganda linapasuka na vipande vinaruka. Vipande hivyo vinatosha kutoa jicho.

Tena, maganda mengi ya Kalashnikov si shaba kabisa. Ni chuma kilichopakwa rangi au ngozi nyembamba ya shaba. Mnunuzi anajua, mtoto hajui. Anahatarisha vidole kwa chuma cha bei ya bure.

Nafika kwenye jambo ambalo wengi hamsemi kwa sauti: mnaogopa kutoa habari. Ukisema "nimekuta masasi", kesho utaulizwa bunduki iko wapi. Woga huo una sababu, siwezi kuwadanganya. Basi usiende peke yako. Acha kitu palepale, zuia watoto, weka alama kwa mbali kwa miti au mawe. Mwite nyumba kumi na majirani wawili waone pahali ulipochimba. Komite iandike siku, lupango na majina ya walioona, halafu mwende wote kwa shefu, yeye aite wanaotegua mabomu.

Na wale ambao tayari wako na kopo nyumbani: msilitupe ziwani, msilizike upya, wala msilibebe kuja nalo hapa, hata kama mlilibeba zamani na hakuna kilichotokea. Mnionyeshe lupango tu. Nitabaki hapa mpaka saa kumi.