Mwenye lori ndiye mwenye bei

Msikilizaji, msimu wa mavuno ukifika Kibaoni, mkoani Katavi, mkulima ana shamba, jasho na madeni. Bei anayo mwenye lori. Gunia la mahindi linajazwa, linashindiliwa, kisha linashonewa kilemba juu. Ndiyo lumbesa hiyo. Sheria inataka gunia lisizidi kilo 100, lakini mzazi anayedaiwa ada atabishana na nani? Miezi michache baadaye, mzazi huyo huyo ananunua unga kwa bei ya kuumiza. Huu ni unyonyaji, na Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliuita kwa jina lake. Leo soko huria limempa mnyonge uhuru wa kuuza kwa hasara. Wakulima wanahitaji mizani kijijini, ghala, na ushirika wanaousimamia wenyewe, kabla malori hayajarudi.